Kondo la nyuma si chujio: mama, toa zebaki jikoni

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata dole, leo ni ndefu. Weka chai pembeni.

Wiki iliyopita niliandika mistari minne tu hapa ukurasani. Nilisema hivi: anayechoma dhahabu ndani ya nyumba anamoishi mjamzito au mtoto mchanga, anampa yule mtoto zebaki. Basi. Kufika jioni maoni yamefurika kama foleni ya kliniki siku ya chanjo. Nimeyasoma yote. Ukiondoa matusi, yanabaki haya:

"Nesi, baba yangu amechoma miaka thelathini, bado anapiga shoka."

"Nesi, mtoto yuko tumboni, hiyo hewa ataivutaje? Si kondo linamchujia?"

"Nesi, mimi nilishawahi kuimeza nikiwa mdogo. Ilitoka chooni vilevile ilivyoingia."

"Nesi, tukimaliza kuchoma tunakunywa maziwa. Maziwa yanakata sumu."

Na mmoja, huyu nimempenda: "Nesi umetumwa na wakubwa, mnataka mchimbaji mdogo afe njaa."

Sijatumwa. Ningetumwa ningekuwa na gari. Nitajibu mmoja mmoja, lakini huyu wa kondo nitakaa naye zaidi, maana nasikia maneno yake kila wiki na yanatoka hadi kwa watu waliosoma. Watu wanaamini kwamba ndani ya tumbo la mama kuna chekeche linalozuia kila kibaya na kupitisha kila kizuri. Halipo. Na ukielewa kwa nini halipo, hutahitaji nesi wa kukukaripia.

SEHEMU YA 2

Tuanze na mguu wako.

Ukija kliniki mimba ina miezi saba au nane, nakubonyeza kwa kidole kwenye ugoko. Nikitoa kidole, kwa wengine kishimo kinabaki. Yale ni maji. Yametoka wapi? Hakuna aliyekumwagia kwa nje. Yametoka ndani ya mishipa yako ya damu, yakapenya ukuta wa mshipa, yakaingia kwenye nyama.

Wengi tunadhani mshipa wa damu ni kama bomba la maji: kilicho ndani kinabaki ndani mpaka bomba litoboke. Kwa mishipa mikubwa ni kweli, ina kuta nene. Lakini ile mikubwa inagawanyika, inagawanyika tena, hadi inakuwa vishipa vidogo ambavyo huvioni kwa macho. Shuleni tuliviita kapilari. Huko damu inapita kwa shida, chembe nyekundu zinajipanga moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye kichochoro cha soko la Katoro. Na ukuta wa kishipa hicho ni seli moja tu. Moja. Hakuna tabaka la pili.

Ni mwembamba hivyo kwa makusudi, maana hapo ndipo biashara yote ya mwili inapofanyika. Damu inashusha oksijeni na sukari kwa ajili ya misuli, ngozi, figo, inapakia hewa chafu na takataka, inaondoka. Mshipa mnene ungezuia biashara hiyo, nawe ungekufa ndani ya dakika chache.

Vitu vinapitaje? Maji, chumvi na sukari vinapita kwenye vinyufa vidogo kati ya seli na seli. Protini ni kubwa, nyingi hazipiti, zinabaki ndani ya damu, na zikibaki zinayavuta maji yasitoroke yote. Ndiyo maana mtoto aliyekula ugali mtupu miezi na miezi anavimba miguu na uso: protini kwenye damu imepungua, maji hayana wa kuyarudisha, yanajaa kwenye nyama. Bibi anasema mtoto kanenepa. Hajanenepa, mlete haraka.

Halafu kuna kundi la tatu, na hili ndilo nililolifuata. Hewa. Oksijeni haihitaji ufa. Seli imezungushiwa ngozi ya mafuta, na kitu kidogo kisicho na chaji ya umeme, kinachoyeyuka kwenye mafuta, kinapita moja kwa moja katikati ya seli, upande huu hadi ule. Kinatoka kilipo kingi kwenda kilipo kichache, kama moshi wa jikoni unavyohamia chumbani bila kusukumwa.

Shika maneno hayo: kidogo, hakina chaji, kinayeyuka kwenye mafuta. Mvuke wa zebaki una sifa hizo zote tatu.

SEHEMU YA 3

Sasa twende kwenye jiko.

Kwa ambao mnasoma mkiwa Dar au Mwanza na hamjaona: mchimbaji akishasaga mawe yake kwenye karasha na kuosha mchanga, anaweka zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu, inakuwa donge la kijivu. Donge anaweka kwenye kijiko, karai au kopo, juu ya moto. Zebaki inageuka mvuke, dhahabu inabaki. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, na mkaa unaopulizwa unafika huko bila shida. Wapo wanaochomea mwaloni. Lakini wengi, na nyinyi mnaosoma Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu mnajua sisemi uongo, wanarudi na donge nyumbani, wanasubiri usiku, wanafunga mlango na dirisha, wanachomea kwenye jiko la mkaa lilelile lililopika ugali. Mama yupo. Mtoto mgongoni. Wengine wanamwambia mama ndiye achome, maana yeye ana mkono mtulivu.

Mvuke huo hauna rangi, hauna harufu. Hiyo ndiyo hila yake. Moshi wa kuni unakutoa machozi, unatoka nje. Huu haukuambii kitu.

Ukiuvuta unafika kwenye mapafu. Kule kuna vifuko vidogo vya hewa, kwa mtu mzima ni kama milioni 300. Ukivikunjua vyote na kuvitandaza vingefunika mita za mraba kama 70, yaani vyumba vitano hivi vya kupanga vya futi 12 kwa 12. Kila kifuko kimezungukwa na kapilari, na kati ya hewa na damu kuna utando usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndivyo mapafu yalivyoumbwa, yapokee. Yanapokea oksijeni, yanapokea na zebaki: katika mvuke unaouvuta, kama asilimia 80 inabaki mwilini.

Hapa namjibu kaka aliyemeza. Ni kweli, zebaki ya maji ukiimeza, karibu yote inatoka chooni. Utumbo hauipokei, matone yake ni makubwa, hayana pa kupita. Sikubishii. Lakini wewe unatumia ushahidi wa tumbo kutetea mapafu. Ni kitu kilekile, mlango mwingine. Kwa tumboni, chini ya sehemu moja katika elfu kumi inaingia kwenye damu. Kwa puani ni nane katika kumi. Ukimwona mtoto kameza tone usikimbilie kumtapisha, mlete tu tumwangalie. Ukimwona mtoto kalala kwenye chumba mnachochomea, huyo ndiye wa kukimbia naye.

Na kitambaa mnachofunga mdomoni, au ile barakoa ya kipindi cha korona, inazuia vumbi. Mvuke unapita humo kama harufu ya pilau inavyopita kwenye pazia.

SEHEMU YA 4

Kondo sasa.

Damu yako na damu ya mtoto hazichanganyiki. Hapo mko sahihi, na nadhani ndipo imani ya chujio ilipozaliwa. Kondo lina vijidole vidogovidogo vingi kama mizizi, na ndani ya kila kijidole kuna kapilari za mtoto. Nje, damu yako inavioshea, inavizunguka. Mtoto hali kwa mdomo, havuti hewa kwa pua. Anakula na kupumua kwa kupitisha vitu kwenye ukuta wa vile vijidole. Na kadiri mimba inavyokua, ukuta huo unazidi kuwa mwembamba, kwa sababu mtoto anataka zaidi.

Sasa niambie, mama. Ukuta uliotengenezwa upitishe oksijeni masaa ishirini na manne utaizuia vipi hewa nyingine yenye sifa zilezile? Kwa kigezo gani? Hakuna mlinzi pale anayeuliza wewe ni dawa au sumu. Mvuke wa zebaki ulioko kwenye damu yako unafika kondoni, unapita, unaingia kwa mtoto. Wewe umevuta mara moja, yeye kapata humohumo bila kuvuta.

Dunia nzima iliwahi kuamini chujio, si nyinyi peke yenu. Japani kuna mji wa ufukweni unaitwa Minamata. Kiwanda kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, watu wakala samaki. Ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Wakati huohuo walikuwa wanazaliwa watoto ambao hawakai, hawasemi, mikono imejikunja. Watoto hawa hawakuwahi kula samaki. Wataalamu wakasema haiwezi kuwa zebaki, kondo linazuia sumu, na wengi wa mama zao wanaonekana wazima. Daktari Masazumi Harada alikataa maelezo hayo, akawasikiliza wale mama. Mama mmoja baada ya mwingine wakimwambia: mimi nimekula samaki, mtoto ndiye ameumwa.

Kwa Wajapani ni desturi familia kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza kwenye kisanduku. Huku kwetu wengi tunakizika. Basi vile vitovu vilivyotunzwa vilipimwa baadaye, vikakutwa na zebaki. Kamba ileile iliyopeleka chakula.

Niwe mkweli, zebaki ya Minamata ni ya aina nyingine, iliyoungana na kaboni, inayopatikana kwenye samaki wa maji machafu. Hii inapita kwa ujanja tofauti: inajibandika kwenye kipande cha protini na kufanana na chakula ambacho kondo na ubongo hukihitaji, kwa hiyo vibebeo vya mwili vinaibeba vyenyewe, kama mtu aliyevaa sare ya shule akapita getini. Damu ya kitovu cha mtoto hukutwa nayo kwa wingi kuliko damu ya mama. Zaidi ya mama, umesikia? Chujio gani hilo linalomrundikia mtoto?

(Wameniuliza inboksi kama waache dagaa. Msiache dagaa. Ni wadogo, wanaishi muda mfupi, hawakusanyi sana. Mimi nisingekula kambare wa kwenye madimbwi ya kuoshea dhahabu, hao waacheni.)

SEHEMU YA 5

Kwa yule mwenye baba wa miaka thelathini.

Mpe baba yako shikamoo yangu. Kisha mpe kikombe cha chai kilichojaa, umwangalie anavyokipeleka mdomoni. Muulize analala vipi, hasira zake zikoje siku hizi, fizi zake zikoje. Kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau, ukali usio na sababu, ndizo dalili za mtu aliyevuta zebaki kwa miaka. Anapiga shoka, sawa. Sindano je, anaweza kuitunga uzi?

Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, wataalamu walikwenda Rwamagasa, hapahapa kwetu, wakapima damu, mkojo na nywele za watu, wakawalinganisha na watu wa Katoro. Wanaochoma ndio waliokutwa na zebaki nyingi zaidi, na wapo waliokutwa na dalili za sumu kabisa. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Tumekuwa tukiambiwa.

Sasa kwa nini haimwui palepale? Kwa sababu ya kinachotokea ikishapita ukuta. Mvuke ukiwa kwenye damu unafika kwenye ubongo. Kapilari za ubongo zina ulinzi kuliko zote mwilini, seli zimebanana hakuna hata ufa, dawa nyingi tunazowapa hazifiki huko. Lakini hewa isiyo na chaji haihitaji ufa, nimeshasema. Inapita katikati ya seli. Ikishaingia, kimeng'enya cha mwili kinaibadilisha, inapata chaji. Na kitu chenye chaji hakipiti tena kwenye ukuta wa mafuta. Iliingia kama mgeni mwepesi, sasa imefungiwa ndani. Hivyo hivyo kwa mtoto tumboni, hivyo hivyo kwenye figo zako.

Mwili unaitoa, lakini polepole mno. Nusu ya iliyoingia huchukua kama miezi miwili kutoka, na ya kwenye ubongo huchelewa zaidi. Anayechoma kila wiki anaongeza kabla ya jana haijatoka.

Lakini hata nikikubali kwamba baba yako ni mzima kabisa, hiyo si hoja juu ya mtoto. Ubongo wa baba ulishajengwa. Wa mtoto ndio unajengwa, sasa hivi, mwezi huu. Ukimwaga maji kwenye nyumba iliyokwisha kupigwa lipu na ukiyamwaga kwenye matofali mabichi, si kitu kimoja. Na mtoto mchanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, wewe 12 hadi 20. Chumba kimoja, hewa moja, yeye kwa uzito wake anavuta zaidi yako. Mvuke nao ukipoa unatua: kwenye ukuta, kwenye neti, kwenye sufuria, sakafuni anapotambaa. Zebaki haihitaji moto ili itoe mvuke. Hata ikikaa kwenye ufa wa sakafu inatoa, kidogokidogo, kila siku ya joto.

SEHEMU YA 6

Maziwa. Hii nitaimaliza haraka.

Maziwa yanaingia tumboni. Zebaki iko kwenye damu, ubongo na figo. Havikutani. Ni kama kuchoma nyumba ya Geita ukamwaga maji Chato. Kunywa maziwa kwa sababu ni chakula kizuri, usinywe kama kibali cha kuchoma.

Maziwa ya mama je? Hili linaniumiza zaidi, kwa sababu najua litatumika vibaya. Ndiyo, zebaki inapita pia kutoka kwenye kapilari za titi kwenda kwenye maziwa. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyopima maziwa ya mama 46 kutoka maeneo ya machimbo ya Indonesia, Zimbabwe na Tanzania. 14 kati yao yalikuwa juu ya kiwango kinachohesabiwa kuwa kikubwa. Sasa sikilizeni vizuri. USIACHE KUNYONYESHA. Mtoto wa miezi mitatu akipewa uji na maji ya kisima badala ya titi, kuhara kutamchukua kabla zebaki haijapata nafasi. Jibu ni kuondoa zebaki kwenye nyumba yako. Titi libaki. Asije shemeji yeyote akanukuu huu ukurasa kumwachisha mtoto ziwa.

Na kwa kuwa niko hapa, pemba. Ule udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliuliza wajawazito 340 wa maeneo ya machimbo ya Geita, karibu nusu wanakula udongo. Nusu! Udongo huo ulipopimwa ulikuwa na madini ya sumu ndani yake. Hamu ya pemba mara nyingi inakuja na upungufu wa damu, na mwili wenye njaa ya madini ya chuma unafungua milango ya utumbo wazi zaidi, risasi nayo inaingia kupitia humohumo. Kwa hiyo yule mwenye damu kidogo, anayehitaji pemba zaidi, ndiye pemba inayemdhuru zaidi. Meza vidonge vyako vya FEFO. Najua vinafanya choo kiwe cheusi na mdomo uwe na ladha ya msumari. Meza.

SEHEMU YA 7

Hii ni ya akina baba, na kwa yule aliyesema nimetumwa.

Kaka, sijasema usichimbe. Mimi mwenyewe wateja wangu wote, ada za watoto wao, mabati yao, yametoka kwenye mashimo. Nimesema usichomee ndani. Ni maneno mawili tofauti na unayachanganya makusudi.

Unaniambia unachomea ndani kwa sababu ya wezi. Ni hofu ya kweli, naiheshimu. Lakini ipime. Mwizi anachukua gramu mbili. Unachowaachia hewani humo ndani hakipatikani tena kwa pesa yoyote. Na hizi za kuficha tulizizoea enzi za kuuza gizani. Tangu Machi 2019 Geita ina soko lake la dhahabu, unaingia na mzigo wako mchana.

Unaniambia chombo cha kunasia mvuke ni cha matajiri. Si kweli. Ni chungu kidogo cha chuma kinachofungwa kwa nguvu, kina bomba linalotoka juu na kuingia kwenye maji. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki, unaikinga. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa vipande vya bomba. Kikitumiwa vizuri kinarudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, na hiyo umeinunua kwa pesa yako. Yaani unachoma hela, halafu unaivutisha familia. Ninachokubali ni kwamba inachukua muda, na huioni dhahabu ikibadilika rangi mbele ya macho yako. Hilo linawasumbua wanaume wengi, kwamba haionekani. Vumilia. Na usikifungue kikiwa cha moto, maana utapata yote usoni kwa mkupuo mmoja.

Na nyinyi wanunuzi mnaochomea kwenye meza ya duka, katikati ya senta, ukuta mmoja na mama ntilie, wenye feni inayopuliza kuelekea barabarani ambako watoto wanapita kwenda shule: mnajua mnachofanya. Mkataba wa kimataifa unaoitwa kwa jina la ule mji wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kuchoma donge kwenye makazi ya watu kama mojawapo ya mambo ya kukomeshwa. Kwa jina. Kwa hiyo si nesi wa Geita mwenye wivu.

Mbona basi nawasema akina mama kwenye kichwa cha habari? Kwa sababu nimechoka kuwasubiri wanaume wakubaliane. Wewe ndiye unayeshika jiko. Jiko lako, sufuria zako, chumba cha mwanao. Una haki ya kusema hapa hapachomwi. Najua si rahisi, kuna nyumba ukisema hivyo unapigwa, na siwezi kukudanganya. Kama ni nyumba ya namna hiyo, basi mtoe mtoto na utoke wewe. Nenda kwa jirani, kwa mama mkwe, kaa chini ya mwembe, sema mtoto ana joto. Usirudi mpaka madirisha yamekaa wazi muda mrefu.

SEHEMU YA 8

Maswali yaliyobaki, nayajibu kwa mkupuo.

Kopo, karai au kijiko kilichochomea hakirudi kupika. Hata ukisugua kwa mchanga na majivu. Kiende mwaloni kikae huko.

Zebaki ikimwagika sakafuni usifagie. Fagio linaipasua kuwa matone madogo zaidi, na yanatoa mvuke zaidi. Watoto nje, milango wazi, ikusanye kwa karatasi ngumu mbili, itie kwenye chupa yenye maji kidogo, ifunge. Nguo za machimboni zisifuliwe na nepi.

Zebaki isikae chini ya kitanda. Nimeshaziona chupa za soda chini ya vitanda, tena za watoto wenye mazoea ya kunywa chochote chenye chupa.

Unapanga kubeba mimba? Acha kukaa karibu na moto huo miezi kadhaa kabla, si siku utakayoona mistari miwili kwenye kipimo.

Mtoto akianza kukohoa, homa, kifua kubana, masaa machache baada ya watu kuchoma ndani, usisubiri asubuhi. Usipite duka la dawa kununua ya malaria. Mapafu yake yameungua kwa mvuke na anaweza kuishiwa pumzi usiku uleule. Njoo, na uniambie ukweli, kwa sababu mimi nikiona homa na kikohozi nitafikiria nimonia au malaria kama kila mtu. Kipimo cha zebaki hukikuti zahanati. Hakuna karatasi itakayonionyesha. Ni mdomo wako tu.

Na ukija kliniki na kadi yako, nikikuuliza kazi ya mume na ukasema "biashara", nami nikaandika "biashara", tumepoteza wote. Sema: "Nesi, kwetu wanachoma." Sitakuitia polisi, sitakuuliza mnauza kwa nani wala gramu ngapi. Nitakuuliza mnachomea wapi, mara ngapi kwa wiki, na wewe unalala chumba gani. Nitaandika pembeni ya kadi, ili hata nisipokuwa zamu, mwenzangu atakayempokea mtoto wako ajue.